Kopo la Kakao Chini ya Unga

Kabla sijawaambia habari za Wamarekani, wacha niwaambie habari za panya. Panya wa stoo hali dawa. Anakula karatasi ya boksi, na akishakula, ile tarehe ya dawa kuharibika inaenda na yeye. Unabaki na boksi zima la dawa nzuri ambalo huwezi kumpa mtu. Kwa hivyo boksi haliwekwi sakafuni, haliegemezwi ukutani, na ile tarehe unaiandika mwenyewe kwa kalamu nene, pande zote nne. Mkishika hilo moja tu, wanangu, mmeshanishinda nilivyokuwa mwaka wangu wa kwanza.

Naitwa Berita. Naishi Shieywe, hapa hapa Kakamega mjini, na nilitunza stoo za dawa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Sheila, aliyechukua ufunguo wangu na ambaye sasa ndiye mkubwa wenu, ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi. "Mama, waandikie yale ulikuwa unanifundisha," aliniambia. "Na uwachekeshe kidogo, wasitoroke." Kuchekesha nitajaribu. Lakini ukweli ni kwamba naandika na woga. Kuna jambo la Alhamisi, na kuna jambo nililolifanya ambalo Sheila halijui, na hayo mawili yameshikana.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Andayi, mtu mfupi, mkali, ambaye suruali yake ilipigwa pasi mpaka ungedhani inaweza kusimama bila yeye. Alianzia Kisumu, kwenye hospitali ambayo wazee bado wanaiita Rasha kwa vile ilijengwa na Warusi. Alipokuja huku kwetu alikuta maziwa ya unga ya Wamarekani. Yeye alikuwa amefungua maboksi ya pande zote mbili, na hakumpenda mtoaji yeyote. Alipenda boksi lifike kavu, basi.

Siku habari zilipokuja redioni kwamba dola la Warusi limevunjika, mimi nilikuwa nahesabu pamba. Nikasema, afadhali, sasa dunia itatulia. Andayi alienda kwanza akafunga mlango, kwa sababu siku hizo neno moja lilitosha mtu asionekane tena kazini, kisha akasema, "Binti akiwa na wachumba wawili, baba mtu anakulanga vizuri. Huyu analeta sukari, yule analeta blanketi. Sasa mmoja amefilisika amerudi kwao. Huyu aliyebaki ataanza kuuliza kwa nini kuku wetu ni mdogo."

Nilicheka mpaka pamba ikanianguka. Haikupita muda nikaona alichosema. Wamarekani, ambao miaka yote waliwaita wakubwa wetu marafiki kwa sababu tu hawakwenda kwa Warusi, sasa walianza kuuliza kwa nini chama ni kimoja, na kwa nini watu wanafungwa bila kesi. Misaada ikafungwa. Mitaani watu walishangilia chinichini, na mimi nilishangilia nao, kwa sababu maswali yalikuwa ya haki. Andayi alishangilia na kuogopa kwa pamoja. "Maswali ni mazuri," alisema. "Mimi mwenyewe ningeyauliza. Lakini wanauliza wakiwa wameshika sahani yetu, na hiyo ndiyo naogopa." Kisha akanirudisha kwenye kadi.

Kadi, kwa nyinyi mliozaliwa na simu mkononi, ni karatasi ngumu ya rangi ya maziwa. Kila dawa ilikuwa na yake, na kila mgonjwa wa kudumu alikuwa na yake: jina, kijiji, dawa gani, chupa ngapi, arudi lini. Andayi alitaka uandike kabla ya kutoa dawa, si baada. Ukitoa kwanza, mgonjwa mwingine anaita dirishani, unasahau, na jioni rafu na kadi hazisemi kitu kimoja. Mara moja nilitoa kwanza. Alinifanya nihesabu stoo nzima upya, peke yangu, yeye amekaa kwenye stuli anakula ndizi. Alikuwa na neno moja la mwisho kila siku tukifunga: dawa si ya mwenye ufunguo. Nililisikia mara nyingi hata sikuwa nalisikia tena.

Sasa ile miaka mibaya siwezi kuisimulia vizuri, nisameheni. Ugonjwa ulipita ukanda wa miwa, Shianda, Mumias, kule kote, ukachukua wakataji na wake zao, ukaja mjini. Ulichukua mume wangu. Stoo yangu ilikuwa na glovu, dawa ya kuhara na maji ya kuoshea vidonda, na mtu akija dirishani ninajua kabisa kwamba sina chake. Mimi mwenyewe nilipimwa nikaambiwa ninavyo virusi vya Ukimwi. Nilirudi kazini mchana huo huo, nikapanga glovu. Kila kikohozi changu nilikisikiliza nikifikiri ndicho cha mwisho.

Kisha Wamarekani wakaleta dawa. Sitaki kusikia mtu akidharau jambo hilo mbele yangu. Nilihamia kliniki iliyofunguliwa kwa ajili hiyo, jina lake nitaliacha, na boksi la kwanza nililifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Nilihesabu, nikaandika kadi, na kadi ya kumi na moja ilikuwa ni yangu. Nilimeza tembe ya kwanza nimesimama katikati ya rafu. Hiyo ni miaka mingi na bado niko hapa nawasumbua.

Wakati mmoja alikuja mgeni kutoka kwao, mwanamume mrefu mpole, akakaa kwenye stuli ya Andayi, ambayo nilikuwa nimehama nayo. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu, kwa nini mnafanya hivi? Akasema watu wake wengine ni wa kanisa, wanafanya kwa huruma. Halafu akasema wengine wanaogopa. Tangu adui wao mkubwa aanguke walikuwa wanatafuta ni kipi cha kuogopa, na baada ya bomu la huku kwetu Nairobi na zile ndege zilizoangusha majumba kwao, waliona kwamba nchi yenye vifo vingi inaweza kuvunjika, na nchi iliyovunjika inaficha watu wabaya. Nilimshukuru kwa kusema ukweli. Lakini alipotoka nilikaa kwenye ile stuli na kufikiri. Huruma nilijua huwa inadumu kiasi gani. Hofu ya mtu mwingine sikujua hata kidogo, na ndiyo iliyokuwa imeshika uhai wangu.

Hapa sasa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na ni kosa letu sisi, la watu wanaopenda wageni. Mradi ulileta kompyuta. Kila mgonjwa akaingizwa humo, na kompyuta ikawa inaongea na kompyuta nyingine huko mbali, sijui wapi. Tukaambiwa wakubwa kutoka Washington wanakuja kuona kazi. Nyinyi mnajua nyumba ya Mluhya ikisikia mgeni anakuja. Tulifagia, tukapaka chokaa, tukakata majani. Nikatazama zile kadi kuukuu kwenye masanduku, zimepinda, zina madoa ya chai, nikaona aibu. Hakuna aliyeniagiza. Nilizibeba mwenyewe nyuma ya jiko la kliniki nikazichoma zote, mgeni asije akaona tunaishi kizamani.

Andayi, wakati huo amestaafu, alikuwa amepita kunisalimia akitoka kuchukua dawa yake ya presha. Alisimama kando ya moto na fimbo yake. "Na huyo mgeni akienda na kompyuta yake?" aliuliza.

"Mzee, hizi si nyakati zako," nilimjibu. "Hawaendi mahali."

Alisukuma kadi moja iliyokuwa imeanguka pembeni, ikaingia motoni kama nilivyotaka, akaenda zake. Wageni walikuja wakanipiga picha. Andayi alizikwa mwaka uliofuata, na picha hiyo bado ninayo ukutani.

Nilipostaafu niliendelea kuchukua tembe zangu dirishani kama mgonjwa mwingine yeyote, ila nina ujanja wa mtunza stoo. Ukienda siku tatu kabla ya siku yako, hakuna anayeuliza. Mwezi mwingine tena siku tatu, mwezi mwingine nne. Baada ya miaka, zile siku zinakuwa chupa. Nilikuwa nimekusanya chupa nne kwenye kopo la kakao, nikalisukuma mpaka chini kabisa ya debe la unga. Sikuiba, nilijiambia. Nilikuwa naogopa tu, na kopo lilinifanya nilale.

Kisha ikaja ile asubuhi. Nilikuwa nakoroga uji niliposikia redioni kwamba rais mpya wa Amerika amesimamisha misaada ya nchi za nje, yote, wapate kuichunguza upya. Uji uliungua. Sheila alinipigia kabla sijazima jiko.

"Mama, wametuandikia tusimamishe kazi. Leo. Tusiguse kitu."

"Dawa ziko?"

"Ziko. Ziko hapa nyuma ya mlango, naziona. Nimeambiwa si zetu kutoa mpaka waseme."

"Toa kwa orodha, Sheila. Toa upesi."

"Orodha gani, Mama? Kompyuta haifungui. Imezimwa huko kwao. Sijui nani anakula ipi, sijui nani amebakisha ngapi. Kadi za zamani uliweka wapi?"

Nilikaa chini sakafuni. Nilimwambia ukweli, kwamba nilizichoma. Nikawa nasikia watu langoni kwa simu yake, wengi, wakiuliza maswali kwa sauti ya chini. Zile kadi zilikuwa za kale, ndiyo, lakini laiti ningeacha ile desturi iendelee, Sheila angekuwa na za jana. Alisema tu, "Sawa, Mama," na akakata.

Nawaambieni hofu ya wiki hizo ilikuwa na umbo lake. Nilihesabu tembe za mezani kila asubuhi na kila jioni, kana kwamba zinaweza kupungua zenyewe. Nilifunga mlango mchana. Nilianza kukisikiliza tena kile kikohozi. Waliokuwa langoni niliwajua karibu wote, na mimi nilibaki Shieywe nyuma ya pazia, nikilitazama debe la unga.

Siku ya tano au ya sita, saa sita mchana, hodi ikapigwa. Msichana wa miaka ishirini na kitu, mjamzito, tumbo limeshuka kabisa, viatu vyekundu kwa vumbi. Jina lake Nanzala, mke wa mkataji miwa wa Shianda. Alikuwa ametoka langoni kwenye kliniki, na Sheila akamwelekeza kwangu.

"Madam Sheila amesema Kukhu Berita anajuanga dawa zote," alisema, akiniita nyanya kwa Kiluhya. "Amesema labda unaweza kunisaidia na njia."

Nilimkaribisha ndani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akatoa chupa kwenye leso na kuiweka mezani. Ilikuwa tupu. Nilivaa miwani nikasoma. Dawa ni ile ile yangu, kipimo ni kile kile changu.

"Umekosa siku ngapi?"

"Leo ya tatu, Kukhu. Nurse alinifundisha nisikose hata moja, sababu ya mtoto. Mimi sijaogopa ya kwangu. Naogopa nikizaa bila dawa, mtoto atapata virusi."

Na ni kweli, hiyo ndiyo kazi ya ile tembe. Mama akimeza kila siku, virusi vinazama, mtoto anazaliwa salama. Akiacha, vinaamka, na karibu na kujifungua ndipo pabaya zaidi. Nimewaeleza wanawake hilo dirishani mpaka sauti ikanikauka. Sikuhitaji kuelezwa na mtu.

Nikasimama. Nilidhani naenda kwenye debe. Nilienda nje nikamkamata kuku.

Ndiyo, wanangu. Nilimchinjia kuku. Nilikuwa na majike mawili tu, nikachukua lile nono. Nilimnyonyoa, nikampika, nikasonga obusuma, ugali wetu, na unga niliuchota kwenye lile debe, mkono ukashuka mpaka kucha zikagusa kifuniko cha kopo. Nilichota, nikafunika. Nanzala alikula polepole kwa heshima, akasema ingokho, kuku wa namna hiyo, hajapewa tangu harusi yake. Nilimpa firigisi, ingawa kwetu hiyo ni ya mwenye nyumba.

Alipomaliza kunawa aliuliza, akiangalia mikono yake. "Kukhu, samahani. Wewe hauna hata kidogo? Hata za siku chache?"

"Sina, mwanangu," nilisema. "Sina hata moja."

Nilisema vizuri, bila kukwama, kama ninavyosema jina langu. Halafu nikamwelekeza hospitali moja ya serikali upande wa mbali, ambako nilijua mtunza stoo wa zamani, mtu anayeweza kuwa amebakisha kitu. Nikamwandikia karatasi. Alinishukuru kwa mikono miwili na kuondoka. Nilimtazama kutoka dirishani hadi akapotea barabarani, na hata wakati huo ningeweza kumwita. Sikumwita.

Kule alipata, lakini hakupata siku hiyo. Alienda akarudishwa, akaenda tena. Kwa jumla alikosa siku tisa. Dawa za kliniki yetu zilifunguliwa baada ya majuma kadhaa, Washington waliposema zile za kuokoa maisha ziendelee, na mimi katika muda huo wote sikukosa tembe hata siku moja. Kopo sikulihitaji. Kila chupa niliyoificha ilibaki imefungwa.

Mtoto akazaliwa. Msichana. Nanzala alirudi Shieywe akiwa amembeba, akaniletea ndizi. "Tumempa jina lako," alisema. "Mume wangu amesema, nyumba zote zilifungwa siku ile, ni Kukhu huyu tu aliyetuchinjia kuku na kutuonyesha njia." Akaniwekea mtoto mikononi. Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka, nikasema ana nywele nzuri.

Mtoto wa namna hiyo hapimwi mara moja. Anapimwa akiwa na majuma sita, na miezi sita, na mwaka, na tena mbele, kwa sababu bado ananyonya. Mara mbili za kwanza majibu yalitoka safi. Kila mara ninaenda nao, ninambeba mimi, na Nanzala anadhani ni upendo. Upendo upo. Lakini ninayembeba ni mtu ambaye nilimwona tumboni, nikajua anachohitaji, nikawa nacho, nikafunika debe. Jibu la kipimo cha mwaka litasomwa Alhamisi.

Mtasikia watu wakibishana kuhusu Wamarekani, kama wanarudi, kama wanaondoka, kama nchi yetu sasa itanunua dawa zake yenyewe, na inunue, tulichelewa sana. Nimewakasirikia kwa kufunga mkono bila kuangalia aliye langoni. Nimelala na hasira hiyo. Shida ni kwamba wao walikuwa mbali na hawakumjua Nanzala. Mimi nilimlisha mezani kwangu, nikamuuliza kama chumvi inatosha.

Kwa hivyo kazi yenu ni hii. Andikeni kadi. Kompyuta iwepo, ni nzuri, sikatai, lakini Sheila na mimi tumenunua karatasi ngumu na kila mgonjwa ana kadi yake tena, na mgeni akija aione na madoa yake ya chai. Andika kabla ya kutoa. Inueni maboksi sakafuni. Na mkiona mzee anachukua dawa siku tatu kabla ya siku yake, muulizeni kwa upole anaogopa nini. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mwezi uliopita niliongeza chupa ya tano.

Sheila, najua umesoma mpaka hapa na mkono uko mdomoni. Alhamisi nitakuja na kopo, uliingize kwenye rafu na uliandikie kadi. Nasema nitakuja nalo. Nimelitoa kwenye unga mara mbili tangu jana na mara mbili nimelirudisha, kwa hivyo usipoliona mkononi mwangu, niulize mbele za watu.

Na Nanzala nitamwambia pale kwenye benchi kabla hatujaitwa, tukiwa bado hatujui jibu, maana baada ya jibu zuri sitaweza, na baada ya jibu baya itakuwa kama najitetea. Kisha nesi atafungua dirisha aite jina la mtoto, "Berita", na kama kawaida mimi nitashtuka nisimame, na Nanzala atasimama na mtoto. Sijui kama siku hiyo atakubali nimbebe.